Ukiikopesha serikali: hati ya muda mfupi, hatifungani ndefu au dola?

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliingia sokoni na bondi (hatifungani, yaani karatasi ya kuikopesha serikali) ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, ikitafuta shilingi bilioni 70. Zabuni zilizopelekwa zilikaribia bilioni 289, na ikachukua karibu bilioni 241. Riba ilikuwa asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Miezi 5 baadaye, baada ya maandamano ya Juni na kuondolewa kwa mswada wa fedha, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa serikali kulipa madeni, iliishusha Kenya kutoka B3 hadi Caa1, daraja la mkopaji ambaye ulipaji wake unatiliwa shaka kubwa. Aliyenunua Februari ameendelea kupokea kuponi zake, yaani riba ya kila nusu mwaka. Aliyesema "ngoja hali itulie" alirudi 2025 akakuta hati za muda mfupi za siku 91, zilizokuwa zimepita asilimia 16 mwanzoni mwa 2024, zinatoa takriban 8.

Sikwambii ukimbilie riba kubwa. Waliokimbilia riba kubwa Accra yaliwakuta, nitafika huko. Ila mnada ule unaonyesha kwamba herufi za kampuni za tathmini Moody's, S&P na Fitch hufuata soko mara nyingi kuliko kulitangulia, na kwamba kuuliza "serikali italipa au haitalipa?" hakumtoshi mtu mwenye akiba yake mkononi. Kuna la pili: italipa kwa fedha gani, na zikiwa na thamani ipi? Na la tatu, ambalo watu hulisahau hadi shida ibishe hodi: wewe utazihitaji lini?

Serikali hukwama kwa njia tatu

Ya kwanza ni kukosa dola. Zambia, Novemba 2020, ilishindwa kulipa kuponi ya Eurobond (hatifungani inayouzwa nje kwa fedha za kigeni) ya dola milioni 42.5. Ilichukua mpaka Juni 2024 kupanga upya Eurobond zake za dola bilioni 3. Katika muda wote huo, hatifungani za kwacha ziliachwa nje ya mpango, na wenye nazo wakaendelea kulipwa. Ethiopia nayo, Desemba 2023, ilikwama kwenye kuponi ya dola milioni 33 tu, ambayo kwa nchi ya ukubwa ule ni fedha ndogo.

Ya pili ni kumgeukia mkopeshaji wa ndani, na hapa Ghana ndiyo ya kuisoma kwa utulivu. Desemba 2022 serikali ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani zake za ndani: rudisha ya zamani, pokea mpya yenye kuponi ndogo na muda mrefu zaidi. Wiki chache baadaye ikasimamisha pia malipo ya sehemu kubwa ya deni la nje. Mwanzoni watu binafsi waliambiwa hawataguswa, kisha wakaingizwa, kisha wakaambiwa ni hiari. Wastaafu walikwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra na mabango, na Februari 2023 jaji mkuu mstaafu, Sophia Akuffo, akajiunga nao. Hao hawakuwa walanguzi. Ni watu waliofuata ushauri ambao hata huku hutolewa kila siku: weka mafao kwa serikali, ndiko kwenye usalama.

Lakini angalia kilichoachwa. Hati za muda mfupi, za siku 91, 182 na 364, hazikuingizwa kabisa kwenye mpango ule. Serikali iliyobanwa huwa bado inazihitaji ili iamke kesho ilipe mishahara; ikizigusa, dirisha la mwisho la kukopea linafungwa. Hiyo haimaanishi kwamba haziguswi popote. Maana yake ni kwamba mwenye hati fupi huwa mtu wa mwisho kuguswa.

Njia ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi, na hakuna kampuni ya tathmini inayokupigia simu kukuonya: unalipwa kila senti, ila senti zimechakaa. Desemba hiyo hiyo ya 2022 mfumuko wa bei Ghana ulifika asilimia 54.1, wakati hati ya siku 91 ilikuwa ikitoa takriban 35. Mwenye hati hiyo alilipwa kwa ukamilifu, na bado alitoka sokoni na kapu dogo kuliko alipoingia.

Kwa hiyo ukisoma kwamba nchi imeshushwa au imepandishwa daraja, jiulize kwanza ni daraja la deni lipi. Linalotangazwa kwa mbwembwe mara nyingi ni la deni la fedha za kigeni, linalowahusu wakopeshaji wa London na New York. Linakuhusu na wewe, lakini kwa kuzunguka: nchi ikinyimwa dola nje, hurudi kukopa ndani, riba hupanda na shilingi hutikisika.

Muda mfupi au mrefu

Hapa ndipo wengi huchagua vibaya, kwa sababu hutazama asilimia peke yake. Hatifungani ya miaka 25 ikitoa zaidi ya hati ya mwaka mmoja, mtu husema: mbona jibu liko wazi?

Tufanye hesabu. Tuseme una hatifungani ya serikali ya shilingi milioni 10 yenye kuponi ya asilimia 12.56, inayolipwa mara 2 kwa mwaka. Kuponi hiyo si ya kubuni. Ndiyo Tanzania iliyoipa hatifungani ya miaka 25 mwaka 2022. Sasa hali ya dunia ibadilike na wanunuzi wadai asilimia 15. Serikali haijakukosea chochote, kuponi yako inaingia tarehe ile ile. Ila mwanao amepata chuo na unataka kuuza. Ikiwa imebaki miaka 25, bei ya haki kwenye soko la pili, ambako wenye hatifungani huwauzia wengine, ni takriban milioni 8.42. Kama karatasi yenye kuponi hiyo hiyo ingekuwa imebakiza miaka 5, ungepata kama milioni 9.16. Ikiwa imebaki mwaka mmoja tu, milioni 9.78. Na hapo nimechukulia kuwa mnunuzi yupo. Ukiwa na haraka, unauza kwa anayekuja, na anayekuja anajua una haraka.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mtamu, na tuuseme. Hatifungani ya Tanzania ya miaka 25 ya mwaka 2021 ilikuwa na kuponi ya asilimia 15.95. Serikali ilipozishusha kuponi za matoleo mapya hadi 12.56 mwaka uliofuata, walioshika ile ya zamani wakawa na mali inayogombewa. Hati fupi haikupi bahati ya namna hiyo. Ikiiva, unaingia upya kwenye mnada na kupokea riba ya siku hiyo, iwe ya neema au ya njaa. Walioweka fedha zao zote kwenye hati za siku 91 nchini Kenya mwaka 2024 waliona mapato yao yakipungua karibu kwa nusu ndani ya mwaka mmoja na ushei.

Kwa maneno mengine, hati fupi inakulinda na hatari ya serikali kubadili masharti na hatari ya kuuza kwa hasara. Hatifungani ndefu inakulinda na kushuka kwa riba. Huwezi kupata kinga zote kwa karatasi moja. Ndiyo maana watu wa soko hupanga ngazi: sehemu inaiva mwaka huu, sehemu baada ya miaka 2, sehemu baada ya 5, na kila inayoiva inasogezwa juu. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini inakuondolea mzigo wa kubashiri.

Kenya au Tanzania

Tangu 2014 Tanzania ilipofungua hati zake kwa wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali hili si la darasani tu. Mtu wa Namanga au Holili anaweza kulifikiria kwa dhati.

Tuanze na deni lenyewe. Kenya imekopa sana kwenye masoko ya biashara. Juni 2014 ilitoa Eurobond yake ya kwanza. Sehemu ya miaka 10, baada ya kuongezwa Desemba, ilifika dola bilioni 2 kwa asilimia 6.875, na ilipaswa kulipwa Juni 2024. Ilipotolewa, dola ilikuwa karibu shilingi 87. Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Kwa hiyo deni lile lile, bila kukopa hata dola moja zaidi, lilikuwa limetoka takriban shilingi bilioni 174 hadi bilioni 320. Kukopa harusi, kulipa matanga. Wakati huo huo Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023, na mtu anayepata zaidi ya 5 Washington hana sababu ya kuja Nairobi kwa 7. Februari 2024 Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa mapato ya zaidi ya asilimia 10 kwa wanunuzi, ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla haijaiva. Ilikuwa ghali. Nadhani pia ilikuwa sahihi, kwa sababu shilingi ilirudi hadi karibu 129 ndani ya miezi michache na hofu ikashuka.

Tanzania haijawahi kutoa Eurobond ya kuuzwa hadharani. Mwaka 2013 ilikopa dola milioni 600 kwa mauzo ya faragha, na sehemu kubwa ya deni lake la nje ni mikopo ya masharti nafuu, hasa ya taasisi kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo haina ile tarehe moja ya kutisha inayozungushiwa duara jekundu kwenye kalenda. Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa likiiweka kwenye hatari ya wastani ya kulemewa na deni la nje, na Kenya kwenye hatari kubwa. Machi 2024 Moody's iliipandisha Tanzania hadi B1. Miezi 4 baadaye Kenya ikawa Caa1, ngazi 3 chini yake. Agosti 2025 S&P iliipandisha Kenya kutoka B- hadi B. Herufi hizo hupanda na kushuka, muundo wa deni hubadilika polepole zaidi, na mimi hutazama muundo.

Kwa mkopeshaji mdogo, Kenya imerahisisha njia. Unafungua akaunti ya DhowCSD kwa simu au kompyuta, moja kwa moja na Benki Kuu, na bondi za kawaida huanzia shilingi 50,000. Ukiweka zabuni isiyo ya ushindani unapewa riba ya wastani ya mnada, basi, huna haja ya kujifanya mtaalamu. Tanzania unapitia benki ya biashara au dalali aliyesajiliwa, hatifungani huanzia shilingi milioni 1, na kuponi hutangazwa kabla ya mnada, kinachoshindaniwa ni bei. Usishangae basi ukiomba hatifungani ya milioni 10 ukaambiwa ulipe pungufu au zaidi ya hapo. Kuponi huhesabiwa kwa ile milioni 10 iliyoandikwa, si kwa ulicholipa.

Halafu kodi, ambayo inabadilisha ulinganisho wote. Kenya hukata kodi ya zuio (inayokatwa kabla riba haijakufikia) ya asilimia 15 kwenye riba ya hati fupi na bondi za chini ya miaka 10, na 10 kwenye bondi za miaka 10 na zaidi. Bondi za miundombinu hazikatwi. Kwa hiyo bondi ya miundombinu ya asilimia 12 ni sawa na ya kawaida ya 14.1 inayokatwa 15. Mtu anayelinganisha 13 ya kawaida na 12 ya miundombinu akachagua 13 amejipunja mwenyewe. Tanzania, riba ya hati fupi hukatwa asilimia 10, wakati hatifungani za muda mrefu zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zimekuwa na msamaha. Ndiyo maana Watanzania wengi huruka hati fupi na kwenda moja kwa moja kwenye miaka 20 na 25, jambo linaloeleweka kihesabu ila huwaacha bila ngazi za chini.

Mkenya anayevuka kununua Tanzania, au Mtanzania anayevuka kinyume, asisahau kwamba amenunua vitu viwili: hatifungani na sarafu. Kupata 3 zaidi kwa riba na kupoteza 8 kwenye ubadilishaji si uwekezaji, ni utalii.

Kupitia benki au mfuko

"Mimi serikali siiamini, naweka akaunti ya muda maalumu benki." Nimeisikia mara nyingi, na ina tundu. Benki na mifuko ya pensheni ndio wakopeshaji wakubwa wa ndani wa serikali. Ghana ilipobadilisha hatifungani, hasara iliingia kwenye vitabu vya benki kwa kishindo. Ukiweka fedha benki, umeikopesha serikali kwa mkono wa mtu wa kati, na yeye amekata chake. Faida ya kweli ya benki ni bima ya amana, na ina kikomo: shilingi 500,000 kwa kila mteja nchini Kenya, milioni 7.5 Tanzania. Chini ya hapo, benki ina hoja. Juu ya hapo, hoja inapungua.

Mifuko ya pamoja, ambamo wengi huweka fedha na msimamizi akaziwekeza, ni kitu kingine. UTT AMIS nchini Tanzania ina Mfuko wa Hatifungani na Mfuko wa Ukwasi, na Kenya mifuko ya soko la fedha imetapakaa. Kiingilio ni kidogo, unatoa fedha ndani ya siku chache, na kuna mtu anayekupangia zile ngazi. Ada yake ni bei ya kulala usingizi. Kwa aliye na chini ya milioni kadhaa za Tanzania, au laki chache za Kenya, ningemwelekeza huko bila kusita, na ningemwambia asome ripoti ya mfuko aone fedha zimewekwa kwenye karatasi za miaka mingapi.

Dola

Eurobond zenyewe huuzwa kwa vipande vya dola 200,000, kwa hiyo kwa wengi wetu mjadala unaishia kwenye akaunti ya dola. Kuna wanaoiona kama ngome. Chukua aliyeogopa Januari 2024, akabadilisha shilingi za Kenya milioni 1.6 kwa kiwango cha 160 akapata dola 10,000. Katikati ya mwaka, kwa 129, zilikuwa zimebaki shilingi milioni 1.29. Amepoteza karibu asilimia 19, na hapo hatujahesabu riba ya zaidi ya 16 aliyoiacha mezani. Kununua dola siku ambayo kila mtu anazitafuta ni kununua mwavuli mvua ikishaanza.

Wala Marekani yenyewe si mtakatifu. S&P iliivua daraja la juu kabisa mwaka 2011, Fitch Agosti 2023, Moody's Mei 2025. Itaendelea kulipa, kwa sababu inadaiwa kwa fedha inayoichapisha yenyewe. Lakini hiyo ndiyo njia ya tatu niliyoitaja juu, na hakuna nchi iliyozaliwa na kinga dhidi yake.

Dola zina kazi moja safi: kulipia kitu kinachouzwa kwa dola. Karo ya nje, matibabu India, mzigo kutoka Guangzhou. Ukiwa na matumizi hayo, weka za kuyatosha. Huna? Riba ya shilingi, ikiwa juu ya mfumuko wa bei, imekulipa vizuri zaidi kuliko hofu.

Ningegawaje

Kwa aliyestaafu na anayetegemea fedha hizi kula: mahitaji ya miaka 2 yote yawe kwenye hati fupi au mfuko wa ukwasi, pasipo mjadala. Zinazobaki zigawanywe kwenye hatifungani za tarehe tofauti, na isizidi theluthi kwenye miaka 20 na 25. Wastaafu wa Accra walioumia zaidi ni wale waliokuwa na kila kitu kwenye hatifungani.

Kwa mwajiriwa wa miaka 30 na kitu, mwenye mshahara unaoingia, hatifungani ndefu isiyo na kodi inafaa, kwa sharti kwamba kuponi inarudishwa kazini na wala hailiwi. Akiwa Kenya, avizie minada ya bondi za miundombinu. Ikitokea kwamba ameajiriwa na serikali, na pensheni yake iko kwenye mfuko uliojaa hati za serikali hiyo hiyo, ningempunguzia. Mwajiri, mlipa pensheni na mdaiwa wako akiwa mtu mmoja, shida yake moja inakuja kwako mara tatu.

Aliye Muscat au Dubai ana hesabu yake. Riyali ya Oman na dirhamu zimefungwa kwa dola miaka mingi, kwa hiyo mshahara wake tayari ni dola kwa jina jingine. Huyu hahitaji akaunti ya dola nyumbani, anahitaji shilingi zinazofanya kazi, na anaweza kununua shilingi inaposhuka badala ya kuogopa. Ila atume kwa mafungu, robo kwa robo, na tarehe za kuiva azifungamanishe na tarehe za matumizi: nyumba inayojengwa, karo ya Januari, safari ya kurudi. Mkandarasi huwa hasubiri soko la pili lichangamke.